Mkebe Chini ya Wimbi

Opolot alikuwa mwongo, na hilo halikuhitaji shahidi. Alifanya kazi kiwanda cha saruji, Tororo, akirudi kwake karibu na Busitema kila Jumamosi kwa baiskeli, nywele nyeupe kwa vumbi, na kila akirudi alikuwa na hadithi mpya ya kumkamua mkewe. Mwaka mmoja alikuja analia, machozi kabisa, kwamba askari wa chifu wanamsaka kwa ajili ya kodi. Mkewe, Akiteng, akamhurumia, akatoa pesa zote za karanga. Jumamosi iliyofuata bwana mkubwa akashuka barabarani na gramafoni mgongoni. Gramafoni! Na santuri zake mbili. Majirani wakaja kucheza mpaka vumbi likatimka. Akiteng alibaki jikoni na hasira yake.

Tangu siku hiyo akafumbua macho. Alichopata kwa kuku, kwa mayai, kwa pombe aliyopika, alikigeuza noti, akaitia kwenye mkebe wa majani ya chai, na mkebe akaufukia ndani ya ghala lake, chini ya nafaka ya wimbi. Kwao Waiteso ghala ni la mke. Mume hainui kile kifuniko cha nyasi akachungulia. Akichungulia ni kama amemwambia mkewe afe, na watu hawatamsamehe. Opolot alikuwa mwongo, lakini mwehu hakuwa. Ghala hakuligusa.

Pesa zile zilikuwa za Felistus, binti yao. Msichana alikuwa anamaliza shule ya msingi, na kichwa chake kilikuwa chepesi kweli kweli. Lakini Oluka, mfanyabiashara wa ng'ombe aliyefiwa na mke, alikuwa ameshaanza kupita pale nyumbani, akisalimia kwa muda mrefu kuliko inavyopasa. Opolot alisema waziwazi: shule ya bweni ikifunguliwa Januari na ada haipo, mtoto anakwenda kwa Oluka. Felistus alilia siku nzima. Akiteng akamvuta nyuma ya ghala, akamnong'oneza, "Nyamaza. Usiogope. Ada iko."

"Iko wapi, Mama?"

"Iko. Wewe soma tu."

Huo ulikuwa mwaka wa sitini na saba. Pesa mpya za Uganda zilikuwa zimeshaingia, nazo zile za zamani, za tangu enzi ya Mwingereza, zilizotumika Kenya na Uganda bila kujali mpaka, zilikuwa bado zinapokelewa. Sokoni ulilipa kwa hii ukarudishiwa ile. Za mkebeni zote zilikuwa za zamani, na Akiteng hakuona la kuhangaikia.

Jumamosi moja Opolot akarudi, hata baiskeli hajaiegemeza vizuri, akasema, "Mama Felistus, sikia. Pesa ya zamani inakufa mwezi huu. Kiwandani wametuambia. Kama una kitu umeficha, lete, nakwenda nabadilisha benki. Tulipie mtoto shule, huyu Oluka tumfukuze."

Haya, hebu niambie, wewe ungemwamini? Akiteng alimtazama kutoka unyayo mpaka utosi. Safari hii ameliingiza mpaka jina la mtoto! Akacheka kicheko kikavu. "Baba Felistus, mimi pesa natoa wapi?"

"Naapa kwa kaburi la mama yangu."

"Mama yako mwache apumzike. Mimi sina kitu."

Opolot akakuna kidevu. Halafu akasema taratibu, "Basi kama hakuna, hakuna." Akaenda zake kuoga.

Kesho yake, baada ya ibada, katekista naye akatangaza yale yale: watu watoe noti za zamani wakabadilishe kabla ya siku ya mwisho. Roho ya Akiteng ikashtuka. Lakini jana yake jioni katekista huyo alikuwa amekaa uani kwao na Opolot, wanakunywa pombe chungu kimoja, mirija yao inagusana, wanacheka. Akiteng akatikisa kichwa. Loo, wamepanga! Mpaka mtu wa Mungu amemnunua kwa pombe yangu mwenyewe! Ndivyo alivyojiambia, na akaona amewapiga chenga wote wawili.

Kuna siku alitamani kumwuliza mtu mwingine. Lakini amwulize nani? Ukiuliza kama noti ya zamani itakufa, umeshasema kwamba unayo, na maneno ya kisimani hufika kiwandani kabla ya Jumamosi. Akafunga mdomo. Kufunga mdomo ndiko kulikomlindia kila kitu mpaka hapo.

Januari shule ilipofunguliwa, aliinua kifuniko cha ghala, akachimbua mkebe, akaufunga kwenye kanga. Felistus alimsindikiza mpaka barabarani akirukaruka. Akiteng akaenda Tororo na furaha yake, akaingia ofisini kwa mtawa aliyesimamia shule, akapanga noti mezani, akasubiri kuambiwa ahsante.

Mtawa alishika moja, akaigeuza, akamwangalia Akiteng kwa huruma. "Mama, hizi zimeshakufa. Ulikuwa wapi?"

Akakimbilia benki. Karani hakuzigusa hata kwa kidole. "Muda umeisha, mama. Umeisha zamani."

Lakini mtu wa mpakani hakosi upande wa pili. Kitu kikikataliwa huku, kule kinanunuliwa. Ndivyo walivyoishi siku zote. Akapanda basi mpaka Busia, akavuka mpaka kwenda dukani kwa Patroba, Mkenya aliyekuwa akinunua kuku wake miaka mingi, mtu asiyemdhulumu.

Patroba aliziona, akaacha kucheka. "Mama Felistus, hizi hata kwetu zilikufa. Siku ile ile. Hukuambiwa?"

"Niliambiwa," akasema Akiteng.

Patroba akamtafutia stuli, akamletea maji, akamwambia pole, pole sana. Aliambiwa! Aliambiwa na mumewe, mlangoni pake, kwa kiapo. Katika uongo wote wa maisha yake, Opolot alisema kweli mara moja, na mara hiyo moja ndiyo aliyomcheka. Akiteng alilia mbele ya wateja wa watu bila kujali nani anamtazama.

Aliporudi nyumbani, ng'ombe wa Oluka walikuwa uani wanakula nyasi. Opolot hakuwa na raha. Alikaa kwenye kigoda akichora chini kwa kijiti. "Ulikuwa wapi siku yote?" akauliza, na hakungoja jibu. "Nimepokea mahari. Tungefanya nini? Ungekuwa na hata kidogo, mimi ningemfukuza yule mzee."

Akiteng akapita moja kwa moja jikoni, akautia mkebe ndani ya kikapu.

Siku ya kuchukuliwa, wanawake walipokuwa nje wanaimba, Felistus alifunga mlango wa jikoni akamkabili mama yake. Macho yalikuwa makavu. "Mama, ulisema ada iko. Ilikuwa wapi?"

Mkebe ulikuwa palepale, ndani ya kikapu, umefunikwa kwa majani. Angenyoosha mkono tu. Lakini amwambie nini? Kwamba ilikuwepo, yote, kila senti, na baba yako alitaka kukulipia, na mimi ndiye niliyekataa? Aende nalo hilo kwa Oluka, alale nalo, aamke nalo? Akiteng alijikaza mpaka meno yakamuuma.

"Haikuwepo, mwanangu. Nilikudanganya, ulikuwa unalia sana."

Felistus alimtazama kama mtu asiyemfahamu. "Kumbe wewe na Baba ni wamoja," akasema. "Baba angalau huwa simwamini."

Akatoka, akapanda nyuma ya baiskeli ya ndugu wa Oluka, na hakugeuka.

Walipokwisha kwenda, Opolot aliingiza ng'ombe zizini. Akiteng akauchukua mkebe, akaenda ghalani, akainua kifuniko, akaufukia tena chini ya wimbi, chini kabisa. Mumewe alimwona, akageuza uso upande mwingine, kama desturi inavyotaka.