Hadubini na Kanzu ya Samweli

Kanisani walimwita Hadubini, na si kwa kumsifu. Fundi cherehani huyu ukimpa sura nzima ya Biblia, atachomoa uzi mmoja tu na kukaa nao. Katika funzo la kila Alhamisi, lililofanyika sebuleni kwake, aliwaweka watu majuma mawili kwenye mto aliolalia Yesu wakati wa dhoruba. Wenzake walitaka kufika kwenye muujiza. Yeye akataka kujua mto ule ulishonwa na nani na ndani ulijazwa nini. Mkewe, aliyepiga pasi na kushona vifungo dukani kwao, alisema kwa mwendo huo Yesu atarudi wao bado wako kwenye Marko.

Alhamisi hiyo wakasoma habari za Hana, aliyemtoa mwanawe Samweli akalelewe hekaluni, na kila mwaka akamshonea kanzu ndogo. Hadubini akavua miwani, akaifuta polepole. Mwalimu mstaafu mmoja miongoni mwa wageni alipoona hivyo akatazama saa.

Fundi akauliza: mtoto hujamwona mwaka mzima, vipimo utavipata wapi? Kisha akajijibu mwenyewe. Hana alikisia. Na kwa kuwa kukisia ni kukisia, lazima aliacha kitambaa cha ziada ndani ya mshono, ili mtoto akiwa amenenepa kanzu ifumuliwe na kupanuliwa.

Mkewe alikuwa pembeni anafuma soksi, na safari hii hakumtania. Siku tatu kabla alikuwa ameona kabatini, chini ya vipande vya bitana, gauni la buluu ambalo hakuna mteja aliyeliagiza. Lilikuwa la vipimo vya binti yao. Mshono wa ndani ulikuwa na akiba ya vidole vinne, na mumewe ni mtu wa kubana kitambaa mpaka vipande vinavyobaki havitoshi kushonea mfuko.

Fundi na binti yake hawakuwa wamesemezana kwa mwaka mmoja na miezi mitatu. Kosa la binti lilikuwa kuolewa na muuza mitumba. Fundi alisema angemkubali hata mchimba makaburi, lakini si mtu ambaye biashara yake ni kumnyang'anya mkwe wake wateja. Harusini hakwenda. Jina la binti likawa halitajwi nyumbani, na mama akawa anaongea naye kwa simu nyuma ya duka, akipokea habari nzito ambazo hakuwa na wa kumpa.

Wageni walipoondoka, fundi akatoa gauni, akalitia kwenye mfuko, akamwomba mkewe kesho alikabidhi kwa kondakta wa basi amfikishie binti yao. Asiseme limetoka kwa nani.

"Leo kusoma umeishia wapi?" mkewe akamuuliza.

"Kwenye kanzu."

"Malizia mstari."

Akavaa miwani. Mstari ulisema Hana alimletea mtoto kanzu hiyo mwaka kwa mwaka, alipokwea pamoja na mumewe. Akausoma mara mbili.

"Mzee wangu," mkewe akasema, "umeona mpaka mshono ambao haukuandikwa, halafu safari iliyoandikwa ikakupita. Hana hakumpa kondakta. Na mumewe hakubaki nyumbani."

Fundi akasema kazi ni nyingi na wateja watalalamika. Mkewe akamjibu kuwa wameshazoea.

Jumamosi wakapanda basi. Njia nzima mama aliogopa. Mumewe akigeuka mlangoni na kurudi, alijua hatawapata tena wawili hao chumba kimoja.

Mlango ulifunguliwa na mkwe, amevaa shati la mtumba lililomkaa vizuri kiasi kwamba fundi aliyatazama mabega yake mara mbili. Nyuma yake alisimama binti, mkono juu ya tumbo la miezi saba.

Salamu zilikuwa fupi, na za mkwe fundi aliziitikia kwa kichwa tu. Fundi alimpa binti mfuko, naye akaingia chumbani kulijaribu gauni. Akatoka amelishikilia kiunoni, macho yamejaa machozi.

"Baba, haliingii."

Fundi akalitazama lile tumbo, kisha akamgeukia mkewe. "Ulijua."

"Miezi miwili nafuma soksi ubavuni pako, Hadubini. Ulidhani ni za paka?"

Binti akacheka huku analia. Fundi hakucheka, lakini aliketi. Binti alipokwisha kubadili, baba yake akalichukua gauni, akaligeuza ndani nje, akaupata mshono wenye vidole vinne. Akaomba wembe. Mkwe akauleta, akabaki amesimama hapo kama mteja asiyejua aketi wapi.

Fundi akamvutia kiti, akamwekea upindo wa gauni mkononi.

"Shika hapa," akasema. "Usivute."

Yalikuwa maneno ya kwanza aliyowahi kumwambia, na mkwe akashika.