Wageni wa Ukurasa wa Arobaini na Moja

Pelagia alikuwa amekaa kwenye kigoda jikoni kwake Ilembo, kitabu kimeegemea pakiti ya majani ya chai, jirani yake Minza alipochungulia mlangoni na kumuuliza kama anaumwa.

"Siumwi. Nasoma."

"Mayu, mama wewe, mchana huu? Nikadhani malaria."

Minza akaingia, akavuta gunia akakalia, akaanza kumweleza habari za mke mdogo wa Mwandu na ng'ombe waliopotelea Magamba. Habari zilikuwa nzuri, nazo ndefu. Pelagia akafunga kitabu, akaweka kibiriti ndani ili asipoteze mahali. Mahali penyewe palikuwa ukurasa wa arobaini na moja, palepale alipokuwa tangu Krismasi.

Kitabu aliachiwa na bintiye Immaculata, aliyekuwa anasoma sekondari ya bweni Tabora. "Kisome, mama, halafu uniambie mwisho umeuonaje," alisema akipanda treni. Hakuna mtu aliyewahi kumuuliza Pelagia kitu kimeishaje. Alichoulizwa yeye ni kama kimeiva. Kwa hiyo alikitaka mno huo mwisho. Lakini mumewe Melkior alikuwa fundi redio karibu na stesheni, mtu wa watu, na kila mwenye redio mbovu alikuja naye nyumbani kula, akiwa na shemeji zake. Kila Pelagia alipokaa, mtu alipiga hodi. Na kila aliporudi kitabuni, alikuwa amesahau nani ni nani, hivyo alianza tena ukurasa uleule kuanzia juu: harusi, wageni wanaingia ukumbini, bendi inapiga, mpishi anashika kifuniko cha sufuria ya pilau. Hodi.

Jumamosi moja kabla ya Pasaka, watu wa harusi walikuja wenyewe.

Walipitia mlango wa mbele, kwa adabu, wamevaa suti na magauni ya hariri. Mbele bibi harusi, Hana, viatu mkononi. Nyuma bendi na magitaa yao, na mwisho mpishi, amekumbatia sufuria, mkono mmoja juu ya kifuniko.

"Shikamoo, mama," alisema Hana. "Sisi ni wa arobaini na moja. Kila ukirudi unatuanzishia mlangoni. Tumeingia ukumbini mpaka miguu imevimba, na chakula hakifunuliwi. Tuna njaa."

"Marahaba. Poleni," alisema Pelagia, maana ni kweli alikuwa amewasumbua.

Melkior alitokea chumbani akifunga mkanda. "Karibuni, karibuni sana! Jisikieni mko kwenu. Mama Imma, wageni!"

Pelagia akabandika chungu.

Wakala wali wa Mpimbwe na samaki wa kukaanga, migebuka, wakaomba kidogo tena. Melkior alijaribu kufungua ile sufuria ya pilau kwa koleo ikagoma, akasema pengine ni kutu. Minza alikuja na kibuyu cha maziwa ili aone vizuri. Akamzunguka bibi harusi mara mbili.

"Hii shela umeitoa wapi, mwanangu?"

"Ukurasa wa thelathini na nane. Alininunulia shangazi."

"Shangazi ana roho nzuri," alisema Minza, akaenda kuwaambia wengine.

Jioni nusu ya Ilembo ilikuwa uani. Bendi ilipiga vizuri, ila wimbo wao ulifika kwenye "mpenzi wangu, mimi naku—" ukarudi mwanzo, kwani hakuna aliyewahi kuusoma zaidi ya hapo. Watu wakazoea. Ukifika pale wanasimama mguu mmoja juu, wanasubiri, wanaendelea. Mpaka leo kuna wazee wa Kabungu wanaocheza hivyo.

Pelagia alimpata Hana peke yake, karibu na mafiga.

"Hebu niambie. Yule mwenye kovu wa kule mwanzoni, aliyeapa atarudi siku ya harusi. Anarudi?"

"Mimi najua mpaka ulipofikia wewe, mama." Hana alishusha sauti. "Nataka arudi. Huyu niliyepewa simpendi hata kidogo. Soma, mama. Nakuomba."

Wakakubaliana, wageni wote wakishuhudia, kwamba kesho yake baada ya misa nyumba nzima itanyamaza, mama asome. Kesho yake Pelagia akakaa, akafungua.

"Shemeji," akaita mjomba wa bwana harusi, "chumvi iko wapi?"

Akampa, akakaa. Mpiga tarumbeta akaomba maji. Akampa, akakaa. Minza aliwauliza kwa nini hawajipikii, nyie watu wazima, na mpishi wenu huyo hapo. Mpishi akajibu kwamba yeye ameandikiwa sufuria moja tu.

Kisha mtu akamgusa bega Pelagia. Alikuwa Hana.

"Mama, samahani. Kuna chai?"

"Hana. Nakusomea wewe."

"Najua, mama. Asante sana." Akasita. "Ya tangawizi, kama ipo."

Pelagia akaweka kibiriti kwenye ukurasa, akakumbuka anakihitaji, akakitoa.

Wakakaa hivyo hadi mvua zikakatika. Nyumba ikazoea. Bwana harusi alishinda kibandani na Melkior akishika waya. Mjomba alijiunga na kwaya ya kigangoni.

Siku moja baada ya chakula cha mchana, Melkior alijinyoosha kwenye kiti chake sebuleni. Betri za redio zilikuwa zimeisha na gazeti alishalisoma hadi matangazo ya vifo. Akaokota kitabu juu ya debe la unga. "Ndicho hiki kinachotujazia watu?" akasema, akaweka miguu juu ya stuli, akaanza kusoma.

Hakuna aliyemwomba chumvi. Mjomba alipita kwa ncha za vidole. Minza alifika mlangoni, akaona, akarudi na habari zake. Kuku walipoanza kelele dirishani, Pelagia mwenyewe aliwafukuza kwa kanga. "Shh! Baba Imma anasoma."

Ndipo kifuniko kikafunguka. Harufu ya pilau ikajaa mpaka barabarani. Uani bendi ikavuka pale ilipokwama, ikasema "nakupenda," ikaendelea mpaka mwisho, na vigelegele. Kisha sauti zikaanza kupungua, wageni wakitoka mmoja mmoja jinsi kurasa zilivyogeuzwa.

Hana alipita jikoni anakimbia, pekupeku, machozi yanamtoka au anacheka. Pelagia alikuwa na ngano hadi kwenye viwiko, anakanda chapati zao za jioni.

"Hana! Amerudi?"

"Mama, ame—"

Melkior akageuza ukurasa, na jikoni hapakuwa na mtu.

Sebuleni kitabu kikafungwa. Pelagia akaenda akasimama mlangoni.

"Imeishaje?"

"Aa, kama zinavyoishaga tu." Melkior akapiga mwayo. "Kuna chai?"

"Yule mwenye kovu alirudi?"

"Mwenye kovu yupi?" Akafikiri. "Mimi nilikuwa narukaruka bwana, maelezo mengi mno."

Wageni walikuwa wameacha vyombo vyote. Pelagia alivimaliza giza linaingia, akafungua kitabu, akafika kwenye sufuria ya pilau. Hodi. Mwenye redio kutoka Magamba, na shemeji zake.

Immaculata alirudi likizo ya Juni.

"Umefika wapi, mama?"

"Arobaini na moja."

"Bado tu?"

"Baba yako amemaliza."

"Hongera, baba!" Immaculata alifurahi kweli. Akafungua begi, akatoa kitabu kingine, kinene kuliko kile, akamwekea mama yake mapajani. Jaladani palikuwa na wanajeshi wanavuka mto.

Pelagia alikipima kwa mkono.

"Wangapi hawa?"

"Ni kikosi kizima, mama. Utakipenda."

Pelagia akasimama, akateremsha debe la maharage, akayaloweka yote.