Mgeni Kutoka Nish

Mürvet hakuwahi kumwona Behice, lakini alikuwa akimwonea wivu tangu mwaka wa kwanza wa ndoa yake.

Mumewe, Tahsin Efendi, alikuwa mwalimu wa historia Üsküdar, mtaa wa Istanbul, na sebuleni kwao ilitundikwa ramani kubwa ya dola ya Waosmani. Wanafunzi waliokuja kusomea nyumbani aliwaonyesha kwa kidole jinsi ukoo wa Osman ulivyoanza na kipande cha malisho kule Söğüt, ukavuka mlango wa bahari, ukatwaa Edirne, ukatwaa Nish na Belgrade, mpaka hema za Sultani zikapigwa nje ya kuta za Vienna. Kidole kilikwenda mbio, ila kilipofika Nish kilisita. Mürvet, aliyesimama nyuma ya mlango na sinia ya kahawa, alikijua vizuri kituo kile. Babu wa babu yake Tahsin alikwenda huko na jeshi, akapewa shamba, na kizazi chake kikakaa mpaka Waserbia walipouteka mji na kila Mwislamu akafungasha. Tahsin alikuwa kijana wa miaka ishirini, amemchumbia Behice, binti ya ami yake. Yeye akafika Istanbul, binti akaishia Üsküp, mji uliokuwa bado mkononi mwa Sultani.

Somo la kupungua kwa dola Tahsin alilitoa kwa sauti ya chini, kama mtu anayewataja marehemu wake. Ugiriki imekwenda, Serbia imekwenda, Bulgaria, Bosnia, Tripoli. Mürvet hakuwa na jamaa hata mmoja katika nchi hizo. Alichoona yeye ni kwamba mpaka uliendelea kurudi nyuma, na siku ungemfikia yule mwanamke, angekimbilia Istanbul. Dola ilipokuwa pana, alilala usingizi. Sasa kila habari mbaya ya vita ilimtia hofu ambayo hakuweza kumwambia mtu.

Vuli ya mwaka 1912 mataifa ya Balkan yaliungana dhidi ya Sultani, Üsküp ikaanguka pamoja na karibu Rumeli yote, zile nchi za dola upande wa Ulaya, na misikiti ya Istanbul ikajaa wakimbizi. Tahsin akawa haishi kwenda kwenye misikiti hiyo. Alisema anapeleka mikate. Alasiri moja alirudi na mwanamke mrefu, mwembamba, aliyebeba godoro la sufu mgongoni na kukataa kusaidiwa.

“Huyu ni Behice,” alisema, akiangalia viatu vyake. “Hana mtu mwingine.”

Mürvet akamkaribisha kwa maneno yote yanayopaswa, akamchotea maji ya moto, akampa chumba cha upande wa kisimani. Huku moyoni akimchunguza. Nywele zimekuwa nyeupe, mikono imekauka, meno ya pembeni hayapo. Lakini macho yalikuwa mazuri, na hilo lilimchoma.

Behice hakuwa mtu wa kukaa bure. Wiki haikupita akaingia jikoni, akarowesha pilipili kavu, akazijaza wali na kuzipika kama zilivyopikwa kwao. Tahsin akala, akaongeza, akala tena. Hakusifu. Angesifu, Mürvet angepata la kujibu. Alipangusa tu bakuli kwa mkate, na wali wa Mürvet wenye njegere ukapoa pembeni.

Jirani yao Nigâr, mwanamke asiyeweza kuliacha jambo lipite, akamwambia juu ya ukuta wa ua, “Shoga, wenzio wamepoteza Rumeli nzima, wewe umeongezewa. Unamwandalia na kitanda?”

Mürvet akacheka, lakini kesho yake akavaa buibui akaenda kwa mkuu wa mtaa. Akamweleza kwamba nyumba ni ndogo, mume ana kifua, na mgeni wao mwenyewe anatamani kupelekwa Anatolia pamoja na wakimbizi wanaopewa mashamba. Mkuu wa mtaa akamwandikisha Behice katika msafara wa Eskişehir.

Habari ilipofika nyumbani, Tahsin alitoka. Mürvet akabaki na Behice, wakichambua dengu. Alingoja kilio au lawama.

“Najua ni wewe,” Behice alisema, hakuinua kichwa. “Mkuu wa mtaa aliniambia mke wa mwalimu kaja kuniombea.”

“Dada, mimi nilidhani...”

“Usinieleze. Mimi ningekuwa wewe ningefanya mapema zaidi.” Akapuliza makapi. “Nilipokuwa Üsküp niliambiwa Tahsin kaoa binti wa Istanbul, mwenye nyumba yake na kisima uani, hajahama tangu azaliwe. Ulinikera sana. Si kwa sababu ya Tahsin. Yeye nilimsahau nilipozaa, Mungu awarehemu wanangu. Kwa sababu ya kisima. Mimi visima vyangu vyote nimewaachia watu.”

Mürvet akaacha kuchambua. Alizoea kuona wivu, hakuzoea kuonewa. Mwishowe akasema kwa shida kwamba akitaka, atarudi kwa mkuu wa mtaa jina lake lifutwe.

“Hiyo Eskişehir, iko mbali na mpaka?”

“Mbali sana.”

“Basi acha niende.”

Siku ya safari walimsindikiza wote wawili mpaka stesheni ya Haydarpaşa. Mürvet alimfungia jibini na mkate, akamvisha koti lake la manyoya, si lile kuukuu. Tahsin alibeba godoro. Alilipandisha kwenye behewa, akashuka upesi, akasimama nyuma ya mkewe mpaka treni ilipoondoka. Hakupunga mkono.

Njiani kurudi, Mürvet alitaka kunyamaza akashindwa. “Utamkumbuka,” alisema.

“Nimefurahi kaondoka,” Tahsin akajibu. “Siku tunatoka Nish, gari la ng'ombe lilikuwa moja. Mama yake Behice alikuwa mgonjwa, hangeweza kutembea. Baba alisema tushuke vijana, wapande wao. Mimi sikushuka. Niliogopa, nikajifanya nimelala, gari likaondoka bila wao. Mwezi huu wote, kila akiniwekea chakula, nilikuwa natafuta pa kuficha uso.”

Hilo lingetosha kumtuliza Mürvet. Kumbe hayakuwa mapenzi. Kidole kilichosita kwenye ramani kilikuwa cha mtu aliyeona aibu. Alimshika mumewe mkono, akamwambia alikuwa mtoto tu, na wakapanda kilima pamoja.

Lakini alipofika nyumbani na kuanza kutandua kile chumba cha kisimani, alikaa kwenye ukingo wa kitanda, akajisikia vibaya kuliko siku zote. Maisha yote yale mumewe alimbeba mwanamke mwingine ndani yake, kwa aibu, asimtue hata usiku mmoja. Mürvet alijaribu kukumbuka kama kulikuwa na kosa lolote ambalo Tahsin aliwahi kumkosea yeye, kubwa kiasi cha kudumu moyoni mwake namna ile. Hakuliona.