Sauti Mbili, Mdomo Mmoja

Jumamosi, tarehe kumi na nne Juni. Asubuhi hiyo ilinyesha mvua ya rasharasha isiyo na haraka, na mawingu yalishuka chini kama dari ya chumba cha kupanga.

Mzee Kimya alipiga magoti kando ya kitanda, akasali sala yake ya kila siku. Alipomaliza alibaki palepale, maana jambo alilotaka kumwomba Mungu hakuthubutu kulitamka. Chini ya kitanda kulikuwa na kopo la bati, na ndani ya kopo mkanda wa sauti ambao watu walimuulizia mwezi uliopita. Aliwajibu, "Ulipotea." Uongo mtupu.

Jina la Kimya alilipata kazini. Alikuwa fundi wa sauti wa filamu, na kabla ya kurekodi alipaza sauti, "Kimya!" hata paka wa jirani wakatii. Siku hizi hana wa kumnyamazisha. Tangu mkewe afariki, nyumba imenyamaza yenyewe.

Kila jioni huweka filamu ileile. Mwanamke amesimama kwenye mlango wa stesheni, mumewe anapanda treni. "Nenda salama," anasema. Mdomo ni wa mwigizaji, lakini sauti ni ya mke wa Mzee Kimya. Filamu ilipotoka mara ya kwanza, mwigizaji alilia na kusema, "Usiende." Baadaye mwenye filamu akaona kilio kinafukuza wateja, akataka maneno yote ya mwanamke yule yasemwe upya, kwa upole. Mwigizaji alikuwa amekwisha kufa. Basi fundi akamwomba mkewe aje studio, wakabandika sauti yake juu ya mdomo wa marehemu. Mkanda wa zamani, wenye sauti ya mwigizaji, fundi akaenda nao nyumbani. Leo hii, nje ya filamu ile, hakuna mahali pengine popote ambapo sauti ya mkewe imebaki.

Alasiri mvua ilipokatika, alikwenda kwenye duka la kinyozi. Kinyozi na rafiki yake, mwalimu wa shule, walikuwa mashabiki wa filamu za zamani, na ndio waliomuulizia ule mkanda. Hawakulipwa na mtu. Kila walipopata nafasi walikaa kwenye kompyuta, wakifuta mikwaruzo ya filamu ile picha baada ya picha, ili irudi kama ilivyotoka mara ya kwanza. Siku hiyo walikuwa na mwenzao mgeni, dada muuguzi, aliyekaa karibu na mlango.

Walitandika shuka ukutani, wakawasha. Picha ilikuwa safi kama maji ya mtungi. Ikafika stesheni.

"Angalieni mdomo!" Mwalimu akaruka. "Mdomo unasema 'u', sauti inasema 'ne'!"

"Na huyu mama anaongea kama tangazo la sabuni," Kinyozi akadakia. Wakacheka mpaka kiti kikalia.

Mzee Kimya akatazama viatu vyake.

Muuguzi hakucheka. "Baba," alisema, "wameniambia wewe ulikuwepo wakirekodi. Sauti yake ya kweli ilikuwaje?"

"Unauliza ya nini, binti yangu?"

"Ni mama yangu huyo ukutani. Aliniacha sijajua kutembea. Uso wake naujua kuliko wangu. Sijawahi kumsikia."

Mzee akajaribu. "Ilikuwa nzito kidogo. Mwishoni inakwaruza, kama..." Akashindwa. Maisha yake yote alishika sauti za watu, na hakuwa na neno hata moja la kumpa. "Na huyo mnayemcheka," akawageukia wanaume, "ni mke wangu. Marehemu."

Kinyozi akashika kichwa. "Mungu wangu! Mzee, nisamehe. Huu mdomo wangu huu!"

"Mwenyewe siku ile alisema anafanana na tangazo. La dawa ya mbu, si la sabuni."

Hakuna aliyejua kama acheke.

"Mzee," Mwalimu akasema polepole, "hata mkanda ungepatikana, tungeweka sauti zote mbili. Mtu achague."

"Iacheni tu," Muuguzi akasema, akichukua mkoba wake. "Mimi nimeshazoea."

Neno hilo lilimchoma Mzee Kimya. Ndilo analomjibu kila anayemuuliza anaishije peke yake, na anajua lina uongo kiasi gani. Akaona jioni zake zote zijazo, na sauti ya mkewe isiyosikika popote ila sebuleni kwake. Akasimama.

"Keti, binti yangu. Mkanda haukupotea, niliuficha. Mke wangu hakuwahi kudai mdomo wa mtu. Kinyozi, Mwalimu, nishuhudieni, na Mungu anishuhudie: Jumatatu nitauleta hapa, nitausafisha kwa mikono yangu, na filamu hii itatoka na sauti moja tu, ya mama yako, kila neno alilolisema."