Kola ya Ukurasa wa Mia na Themanini na Saba

Walisema kuna msichana, mtaa wa nyuma ya kinu cha unga, alisoma vitabu mpaka akamsahau mama yake. Si kumsahau kwa maradhi. Alimsahau akiwa mzima, anakula, anaoga, anakwenda kazini. Mama akiingia chumbani, binti anainua macho kama anayemtazama mgeni aliyekosea mlango, kisha anarudi kwenye ukurasa wake.

Aliyeniletea habari hizo ni jirani yangu wa kibanda, mpiga pasi, ambaye sote tunamwita Mama Mvuke. Aliniletea kama anavyoleta mashati ya watu: zimenyooshwa, zimekunjwa, hata hujui zilikuwa na mikunjo gani mwanzo.

"Nani kakwambia?" nikamuuliza.

"Wanasema."

"Wanaosema ni kina nani?"

"Shoga, lisemwalo lipo. Na kama halipo, limeshafunga mizigo linakuja."

Siku nyingine ningecheka. Ila nyumbani kwangu binti yangu, huyo mmoja niliye naye, wa miaka kumi na tisa, muuzaji katika duka la dawa, alikuwa na wiki tatu hasemi nami. Kunijibu alinijibu. Umekula? Ndiyo. Kazini vipi? Salama. Una nini? Sina kitu. Maneno yake ya siku nzima yangetosha kwenye vifungo vya shati moja. Na huyu ndiye mtoto ambaye zamani akirudi kazini hunisimulia mpaka sufuria inaungua. Sasa akirudi anavua viatu, anachukua kitabu, anageukia ukutani.

Basi nikashikwa na hofu. Usingizi ukawa wa vipande. Nikimwona anafungua kitabu, moyo unafanya pa! kama pasi iliyoanguka. Naandika haya kuwaonya akina mama wenzangu, na mwandiko wangu mtauvumilia, maana mimi niliishia darasa la saba. Kazi yangu ni cherehani. Nashona sare za shule.

Fundi akiletewa nguo inayombana mtu, haiangalii kwa mbali. Anaigeuza ndani nje, anatazama mishono. Nikasema na mimi nitavigeuza hivyo vitabu, nione sumu iko wapi. Asubuhi akishatoka, nachukua kimoja kwenye rafu yake, nakificha ndani ya kitambaa, nakwenda nacho kibandani. Saa ya chakula wenzangu wanakula, mimi nasoma kwa kidole, mstari kwa mstari.

Cha kwanza kilikuwa chembamba, jalada la kijani. Kinamhusu mkunga aliyepoteza uwezo wa kusikia, akawa anazalisha kwa kuweka kiganja mgongoni mwa mama. Maoni yangu: kitabu kizuri, mshono umenyooka, ila upindo ni mrefu mno. Kurasa kumi za mwisho mtu anatembea tu na kuwaza. Mwandishi alipaswa kukata uzi pale mtoto anapolia na mkunga anausikia ule mlio kwenye kiganja. Mimi pale niliacha kula. Nilimzaa binti yangu kwa tabu, na sikuwahi kufikiri kwamba kilio chake cha kwanza kilipita mgongoni mwangu. Niliweka mkono nyuma, nikajipapasa hapo kibandani kama mwenye kichomi.

"Mgongo tena?" Mama Mvuke akauliza.

"Mgongo," nikasema.

Sumu sikuiona.

Cha pili hakina hadithi. Ni cha jua na nyota, kimejaa michoro, na hicho nilitaka kukirudisha upesi maana majina ni magumu. Lakini nikakutana na mstari unaosema mwanga wa jua husafiri kama dakika nane hadi kutufikia. Dakika nane! Mimi kola moja naishona kwa dakika nane. Nikatoka nje, nikasimama juani uso juu, nikawaza kwamba joto hili lililo shavuni mwangu sasa hivi liliondoka kule juu nilipokuwa natunga uzi wa kola, na lilikuwa njiani muda wote huo, na mimi sina habari. Nilisimama mpaka mteja akaniita mara tatu. Tangu siku hiyo, kila nikimaliza kola hutazama mlangoni, kwenye kile kipande cha mwanga sakafuni, nikakiambia: umefika. Msinicheke. Maoni yangu juu ya kitabu hicho: kisomeni mkiwa mmekaa.

Cha tatu ndicho kilichonipata.

Kilikuwa kikubwa, cha zamani, jalada lilishatoka, kurasa nene za rangi ya chai. Ni habari ya dada wawili waliotenganishwa na mafuriko wakiwa wadogo. Mdogo anakua, anaelekezwa mji aliko mkubwa wake, anamwandikia barua. Hajibiwi. Mwaka unaofuata anaandika tena. Hajibiwi. Miaka ishirini na mbili anaandika, kila mwaka barua moja, na kila barua unamwona amekua, ameolewa, amefiwa, ameota mvi. Nilisoma siku tisa. Siku ya tisa mdogo mtu anapanda gari mwenyewe, anafika kwenye mji ule, anakwenda dirisha la posta kuuliza kama barua zilichukuliwa au zilitupwa. Karani anamwambia, "Ngoja." Ukurasa wa mia na themanini na sita.

Nikageuza. Hakuna kitu. Kurasa zote zilizobaki zilikuwa zimeondolewa.

Nilikasirika nusura nimtukane mtu nisiyemjua. Nani huyu asiye na haya, anakata kitabu hapa, karani kasema ngoja! Nikapitisha kidole kwenye visiki vya karatasi vilivyobaki, na kidole kikasimama. Kulikuwa na kijino. Mbele kidogo kijino kingine. Mkasi wangu una pengo karibu na ncha, tangu ulipouma pini mwaka juzi. Kila unachokikata huacha alama, kama mtoto aliyeng'ata mkate.

Nikakumbuka. Oda ya sare za chekechea ilikuja ya haraka, karatasi za pateni zikaniishia. Pateni ni zile karatasi tunazoweka juu ya kitambaa ili mkasi ufuate umbo. Nyumbani nikaona kitabu kikuukuu hakina hata jalada, karatasi zake nene, nikajua ni takataka. Nikakata za nyuma: kola, mfuniko wa mfuko, mkanda wa bega. Nikahesabu nyuma lini ilikuwa. Ilikuwa wiki saba, na wiki mbili za kwanza binti yangu hakuwa amefika huko mwisho. Alipofika ndipo aliponyamaza.

Nilihisi mikono yangu imekuwa ya mtu mwingine.

Nikashusha furushi la pateni kwenye msumari. Mfuniko wa mfuko ulikuwepo, na maneno "alama ya kidole gumba" yamekatika hapo hapo. Mikanda ya mabega ilikuwepo, ina "aibu" na "chini ya godoro". Kola haikuwepo. Nilikuwa nimemwazima fundi suruali wa ng'ambo ya barabara. Nikavuka.

"Fundi, ile pateni ya kola ya watoto, nirudishie."

"Ile? Nimeshaizoea, mama. Ina nini?"

"Ina mtu kasimama dirisha la posta."

Akanitazama, akaitazama cherehani yake, akanitazama tena. "Leo umekunywa maji kweli?"

"Nipe tu, baba."

Akaitoa, akaigeuza kwenye mwanga, akaanza kusoma kwa sauti: "'Karani akarudi na mzee mmoja, akasema barua zote huyu ndiye aliyezipeleka mpaka mlangoni...' Halafu shingo imekata." Akaisogeza karibu na macho. "Mlangoni kwa nani? Alizipokea au vipi?"

"Ndicho ninachotafuta."

"Ukijua, usinifiche," akasema, na suruali ya mtu ikabaki chini ya sindano yake mguu juu.

Jioni binti yangu alipovua viatu mlangoni, alinikuta nimezipanga zile karatasi mezani, kola na mfuniko na mikanda, kama nguo kabla haijaunganishwa. Kitabu pembeni. Alisimama na kiatu kimoja mkononi.

"Nilikata mimi," nikasema.

"Najua. Mkasi wako naujua."

"Mbona hukusema?"

"Ningesema nini, mama? Nikushtaki kwamba unafanya kazi?" Akakaa. Akagusa kola kwa ncha ya kidole. "Sura ile niliibakiza makusudi. Kitabu nilikuwa nakila kidogo kidogo kisiishe. Siku nimejiandaa, nimeoga, nimefungua, nakuta watoto wa chekechea wameivaa."

Nikacheka bila kutaka, kisha nikaona haya.

"Cheka tu. Na mimi nilitaka kucheka. Karatasi haikuniuma, mama. Kilichoniuma ni kwamba mkasi ulipita katikati ya maneno na jicho lako halikusimama hata kwenye moja. Nikajisemea, kwa hiyo hata nikimsimulia haya ninayosoma, atapitisha tu."

Nikauliza lile lililokuwa linanikereketa kooni tangu mchana: "Sasa dada mtu alizitupa barua, au hakuzitupa?"

Akainua macho. Wallahi hakunitazama kama mgeni.

"Kwani umefika wapi?"

"Mia na themanini na sita. Na kola."

"Umekisoma chote?"

"Kwa kidole. Na cha mkunga. Na cha jua, dakika nane."

Basi akaanza. Aliongea juu ya mkunga, tukabishana kuhusu kurasa kumi za mwisho, yeye anazipenda, mimi sizipendi mpaka leo. Aliongea mpaka sufuria ikaungua, na harufu ile ya kuungua niliivuta kama manukato.

Asubuhi nilimweleza Mama Mvuke kwamba tunatafuta mwisho wa kitabu. Akauliza ni kipi. Nikamweleza mafuriko, dada wawili, barua. Akaweka pasi chini.

"Hicho? Hicho si kipo kwenye simu, kinasomwa!" Akavuta waya wa sikioni kutoka chini ya kitambaa chake cha kichwa. "Mimi nimesikiliza mpaka barua ya kumi na nne."

"Wewe? Si ulisema vitabu vinawaharibu?"

"Kusoma ndiko nilikosema. Mimi sisomi, nasikiliza kama redio. Usinichanganye na hao."

Akanisikilizisha kingine kwanza, cha mlinzi wa jengo refu, na maoni yangu ni kwamba hadithi ni nzuri ila imepewa msomaji asiyefaa. Mwanamume huyo akifika maneno ya mwanamke anabana sauti kama amefinywa mlangoni. Nilikiacha.

Chetu tulikisikiliza Jumapili mchana, mimi na binti yangu, sikio moja langu, sikio moja lake, vichwa vimekaribiana kwa ufupi wa waya. Nilikuwa na sketi ya mteja mapajani, namalizia upindo kwa mkono, maana mikono yangu haijui kukaa. Anayesoma ni mwanamke mtu mzima, sauti yake ina mkwaruzo, anakwenda taratibu kama mtu anayepita chumba chenye mtoto aliyelala. Alipofika "Ngoja" ya karani, akanyamaza. Nikadhani simu imezima. Kumbe ananyamaza tu, anatuacha tumesimama pale dirishani. Sikujua kama kunyamaza nako husomwa.

Mwisho wake ni huu. Barua zote ishirini na mbili zilifika. Dada mkubwa alizipokea zote, akazitia sahihi kwa kidole gumba, akaziweka chini ya godoro kwa mpangilio wa kufika kwake. Hakuwahi kufungua hata moja. Hakujua kusoma, na aliona aibu kumwomba mtu.

Binti yangu alilia kimya. Mimi sikulia. Nilikaa nimeduwaa, kama siku ile juani, na nilisema neno moja: "Yule hakujua kusoma. Mimi najua, na nilipita na mkasi."

"Mama," akasema, "sasa si umesoma."

Nikataka kusimama nimkumbatie, nikashindwa. Sketi ya mteja nilikuwa nimeishona pamoja na gauni langu, upindo mzima, mishono midogo, ya kudumu. Alicheka mpaka waya ukamchomoka sikioni. Tulifumua pamoja, yeye upande ule, mimi upande huu, na alinisimulia kitabu anachotaka kuanza.

Kwa hiyo nawaonya, akina mama. Vitabu vina nguvu na sitawaficha. Yaepukeni haya:

Usikate karatasi yenye maandishi kabla hujaisoma pande zote mbili.

Usichukue habari za mwanao kwa mpiga pasi.

Usingoje wiki tatu kuuliza. Uliza siku ya pili.

Usianze kitabu kabla hujahakikisha mwisho wake upo.

Usisikilize sura ya mwisho ukiwa na sindano yenye uzi.

Usisome habari za jua wakati mteja anangoja.

Usimwambie fundi suruali mwisho wa kitabu hata akibembeleza. Mpe akasome.

Mwanao akikusimulia, usiinuke kuangalia sufuria.