Namba ya Ishirini

Soketi yetu ilianza kunuka siku ya Jumatatu, harufu ya plastiki iliyoungua, na kufikia Alhamisi nilikuwa siwezi kukaa chumbani bila kuitazama. Ilikuwa chini ukutani, pembeni ya friji, usawa wa kifua cha mwanangu Clara. Ukiigusa, ya moto. Ukichomeka kitu inatoa cheche na mlio mdogo, tsss, halafu inanyamaza. Nilichomoa friji, nikasogeza ndoo ya unga mbele yake ili Clara asifike. Ana mwaka mmoja na miezi minane, umri ambao vidole vinataka kuingia kwenye kila tundu, hata puani kwangu. Nikienda msalani narudi mbio. Niliogopa, sifichi. Mimi ni mwalimu wa darasa la tatu, watoto themanini hawanitishi, lakini matundu matatu ya ukutani yalininyima usingizi.

Nilimpigia simu mwenye nyumba. Akasema, "Usijali mwalimu, fundi anakuja." Fundi wa mwenye nyumba wetu hapa Segerea yuko njiani tangu Pasaka. Basi mume wangu Audax akaamua kwamba fundi ni yeye. Audax ni karani wa stoo, hajasomea umeme hata siku moja, lakini ni Mhaya, na Mhaya hakuna kinachomshinda mpaka kimshinde mbele ya watu. Naruhusiwa kusema hivyo kwa sababu na mimi ni wa hukohuko.

Tatizo lilikuwa namna ya kuzima umeme. Nyumba yetu zamani ilikuwa ya familia moja, mwenye nyumba akaikatakata vyumba vya kupangisha, na swichi kubwa ya nyumba nzima ikabaki ndani ya iliyokuwa sebule. Sebule hiyo sasa ni chumba cha Mama Petro. Na mimi na Mama Petro tulikuwa hatusemeshani.

Jina lake Filomena, mtu wa Newala, anauza korosho Tabata, na kwa umri amenizidi miaka kama kumi na miwili. Wiki tatu kabla ya hapo alisema mbele ya wapangaji wote kwamba friji langu linakunywa umeme wa watu. Nikamjibu kwamba kinachokunywa ni hita yake ya kuchemshia maji, na kwamba mtu anayeoga maji ya moto na joto hili la Dar es Salaam ama anaumwa ama anaringa. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Kesho yake asubuhi nikapita mbele yake bila kumpa shikamoo, na ukishapita mara ya kwanza, mara ya pili inakuwa rahisi. Wiki tatu nzima niliimeza shikamoo yake kila asubuhi, halafu nikaenda shuleni kufundisha watoto wa wenzangu adabu.

"Nimgongee tu azime, dakika kumi nimemaliza," Audax aliniambia.

"Ukimgongea yule mama mlango, chakula utajipikia mwenyewe."

Ndipo akaja na ujanja mwingine. LUKU, mita ya umeme wa kulipia kabla, ya nyumba nzima ni moja, na umeme tunanunua kwa zamu. Wiki ile zamu ilikuwa yetu, na yuniti zilikuwa zinaelekea kuisha. Tusinunue, alisema. Tuziache ziishe, atengeneze soketi yake kwa nafasi, ndipo tununue. Kwenye nyumba yetu zamu ya mtu haiingiliwi. Kumnunulia mwenzako umeme katika zamu yake ni sawa na kutangaza kwamba ameshindwa, na hakuna aliyewahi kufanya hivyo. Kwa hiyo umeme usingeweza kurudi mpaka sisi wenyewe tuurudishe. Niliuona mpango mzuri, hasa kwa kuwa haukunidai nifungue mdomo.

Jumamosi saa nne asubuhi umeme ukaisha. Vijana wa chumba cha mwisho walikuwa kazini. Audax akasogeza ndoo ya unga, akafungua skrubu kwa bisibisi, na soketi ikamvunjikia mkononi, nyuma yote imekuwa nyeusi. Akaziacha nyaya zimetokeza ukutani, shaba nje, akanifuata uani nilikokuwa nafua.

"Imeungua yote. Nakwenda dukani kuchukua mpya, sasa hivi narudi. Mtoto amelala."

"Na nyaya?"

"Nyaya zina nini, Jovina? Umeme si haupo."

Kweli haukuwepo. Kwa mara ya kwanza wiki ile moyo wangu ulitulia. Nilifua nikiimba wimbo wa kwaya, nikasugua kola za mashati ya Audax, nikawaza kwamba mchana nitapika ndizi.

Pip.

LUKU yetu iko ukutani kwenye kona, kati ya uani na varanda, na kila ukibonyeza namba inalia. Mwanzoni sikuelewa nasikia nini, nilidhani ni simu ya mtu. Pip. Kimya kidogo. Pip. Halafu nikaisikia sauti ya Mama Petro akijisomea taratibu, kama anavyosoma kila kitu, miwani imeshuka puani na simu iko mkononi. "Nne... sita... sita tena."

Mikono iliniganda ndani ya povu. Namba za umeme ni ishirini, ya mwisho ndiyo inayouwasha, na sikujua ameshabonyeza ngapi. Wakati huohuo, kutoka chumbani kwetu, nikamsikia Clara anaongea peke yake, yale maneno yake anayoyaelewa mwenyewe. Sauti haikutoka kitandani. Ilitoka chini, pembeni ya friji, pale ilipokuwa ndoo ya unga.

Niliinuka nikateleza, beseni likapinduka. "Acha!" nikapiga kelele. "Mama Petro, acha kubonyeza! Acha!"

Hakugeuza hata shingo. Wiki tatu sijamsalimia, na leo namfungulia kinywa kwa amri.

"Siachi," alisema. "Kama umenuna endelea kununa. Mie nimewanunulia kwa moyo mweupe, nimechoka kuishi kama paka na panya. Mbili." Pip.

Nilitaka kumwambia Clara yuko kwenye nyaya. Maneno yalikuwa tayari kifuani, nikafungua mdomo. Kilichotoka ni pumzi tu. Sijawahi kuogopa namna ile, hata siku ya kujifungua nilipoona daktari anakimbia.

Mlango wa chumba chetu ulikuwa mbele, baada ya kona. LUKU ilikuwa karibu zaidi. Nimkimbilie mtoto au niukimbilie mkono wa yule mama? Nikikosea, nitamkuta mwanangu ameshakufa. Miguu iliamua yenyewe. Nilimvaa Mama Petro kwa bega, nikapiga vile vitufe vya LUKU kwa kiganja kizima, na povu lake. LUKU ikalia ule mlio mrefu wa kukataa namba.

"We mwanamke una wazimu!" alipiga kelele, miwani imemwanguka. "Umeniharibia! Nakufanyia wema unanisukuma?"

Sikusimama kumjibu.

Clara alikuwa amekaa sakafuni, kwenye mkojo wake mwenyewe. Waya mmoja ameukamata mkononi. Wa pili, ule mwekundu, ulikuwa mdomoni, anautafuna kwa meno yake ya mbele kama anavyotafuna kila kitu ndani ya nyumba ile. Aliponiona alitabasamu bila kuutoa.

Nilimnyakua, naye akaanza kulia kwa hasira kwa kuwa nimemnyang'anya mchezo wake. Nilimkagua vidole kimoja kimoja, nikamfungua mdomo nikatazama ulimi, nikarudia tena vidole. Nikakaa palepale kwenye mkojo. Yesu na Maria, nilikuwa nasema, Yesu na Maria, na sikuweza kufika mbele zaidi ya hapo.

Mama Petro alinifuata hadi mlangoni na maneno yake bado ya moto. "Leo tutaitana kwa mjumbe, haiwezekani mtu mzima—" Akaishia hapo. Alitazama nyaya ukutani. Akatazama waya mwekundu, shaba yake inang'aa kwa mate. Halafu akakitazama kidole chake cha shahada, akakifunika kwa mkono mwingine.

"Shikamoo, Mama Petro," nilisema.

Sijui kwa nini ndilo neno lililotoka. Labda lilikuwa limekaa mdomoni siku nyingi mno. Hakuitikia. Alikaa kizingitini, akaifungua simu, akawa anapitisha kidole kwenye kioo, anahesabu namba.

"Kumi na tisa," alisema. "Mwalimu, nilishabonyeza kumi na tisa."

Audax alirudi anapiga mluzi, soketi mpya kwenye mfuko wa karatasi. Nilimweleza mimi, maana Mama Petro alikuwa hawezi. Audax ni mtu wa maneno mengi, lakini siku ile alikaa juu ya ndoo ya unga, ameshika kile kibisibisi chake. Alichosema ni kimoja, "Mimi ndiye niliyeiondoa ndoo." Nikamwambia aliyemzuia kugonga mlango ni mimi. Hatukubishana. Akaenda mwenyewe kumleta Suhaib, fundi wa umeme wa mtaa wa pili.

Mama Petro naye aliingia chumbani kwake akashusha swichi kubwa, ingawa umeme haukuwepo. Akafunga mlango kwa kufuli, akaja kunikabidhi ufunguo mkononi.

"Nilisikia umeme umekata kwenye zamu yenu," alisema akitazama chini. "Nikasema hawa leo wamekwama, ngoja nivunje sheria, mwalimu ataniamkia tu. Ungeniambia, mwenzangu. Ningezima."

Angezima, nalijua hilo. Lilikuwa neno moja na mlango mmoja, na nilivikataa vyote kwa ajili ya friji.

Suhaib alibadilisha soketi na waya wote wa ukuta ule, akitusema kila dakika, na alikuwa na haki. Saa nane mchana alimaliza, akairudisha swichi kubwa yeye mwenyewe. Namba za umeme zilikuwa bado nzima kwenye simu, kwa kuwa LUKU ukiikosea inakataa tu, haizimezi. Tukasimama mbele ya LUKU mimi na Mama Petro, Clara amefungwa khanga mgongoni kwa Mama Petro. Aliomba mwenyewe ambebe.

"Bonyeza wewe," aliniambia. "Mie kidole changu hakitaki."

Alisoma, nikabonyeza. Tukazifikia zile nilizozisikia asubuhi. Nne. Sita. Sita tena. Tukaenda hivyo taratibu mpaka kumi na tisa, na hapo akanyamaza. Nikamgeukia. Machozi yalikuwa yanamshuka nyuma ya miwani.

"Marahaba," alisema, kana kwamba nimemwamkia sasa hivi.

Halafu akaita, "Clara!" Mtoto alikuwa mgongoni kwake, naye Mama Petro anamsikia anavyopumua, lakini aliita. Kimya. Nikaondoa kidole kwenye vitufe, ingawa kichwa chake nilikuwa nakiona kwa macho yangu, kimelala kwenye bega.

"We Clara!"

"Bee," Clara akasema kwa usingizi.

"Saba," akasoma Mama Petro, nami nikabonyeza.