Pete za Uzi wa Ibrahimu

Tangu alfajiri Mboni hakai. Anafagia uwanja uliokwisha kufagiwa, anambeba mwanawe Ibrahimu, anamlaza, anambeba tena. Leo mumewe Likwata atasema kama anamwacha au hamwachi, na mwanamume mwenyewe, loo, mbele ya mama yake hana kauli hata ya kuomba maji.

Kisa ni mtoto. Kazaliwa na macho ya kuinuka pembeni na shingo laini, na mama mkwe, Bi Somoe, akapata la kusema: kwao Rutamba mjamzito hashiki ukili, maana akisuka mkeka anamsuka na mtoto. Na Mboni alisuka, ndiyo. Mwaka ule wanunuzi binafsi walibeba korosho za wakulima wakaingia mitini bila kulipa, na mikeka ndiyo ikabaki ya kuuza. Alitakiwa ale nini?

Walipokusanyika barazani, Mboni akaeleza aliyoambiwa na Daktari Klementi kule Lindi. Ndani ya kila chembe ya mwili mna uzi mrefu ajabu wa urithi. Kuna protini zinazoukunja matanzi kwa matanzi, kama ukili unavyokunjwa, ukawa vifurushi viitwavyo kromosomu. Protini nyingine ni kama pete. Zinashika vifurushi pamoja hadi saa ya chembe kugawanyika. Pete zikilegea, mgawo unakosewa. Ibrahimu kapata kifurushi kimoja cha ziada.

"Na mayai ya mwanamke," Mboni akasema, "huvishwa pete hizo yeye akiwa bado tumboni mwa mama yake. Daktari kasema hakuna mwenye kosa."

Hilo la mwisho Bi Somoe hakulisikia. "Ehee! Tumboni mwa mama yake!" Akamgeukia Bi Esha, mama yake Mboni, aliyekuja jana kutoka Pande kumsimamia binti yake. "Kumbe ni wewe! Ulisuka?"

Mboni akamtazama mama yake. Mimba ya kumzaa yeye Mboni, mama huyu aliilalia kitandani hospitali ya misheni mpaka akajifungua. Hata sindano ya kushonea hakushika, Pande yote inajua.

"Nilisuka," Bi Esha akasema. "Uchungu ulinikuta na ukili mkononi."

"Mama!"

"Nyamaza wewe. Ulikuwepo?"

Likwata akashusha pumzi. "Basi, mama, mke wangu hana kosa. Anabaki."

Bi Somoe akaanza kumwaga maneno, na ulimi wake mnaujua. Bi Esha alimpakata Ibrahimu, akaitikia kila tusi: "Ni kweli, mzazi mwenzangu." Mboni alifungua kinywa aseme. Akamtazama mumewe, akamtazama mwanawe, akakifunga.